Shangazi, binti yangu anaogopa kila Noah inayopita

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasua hapa Moshi na nauza mitumba soko la Memorial. Baba yao ni dereva wa lori la Tunduma, kwa hiyo mara nyingi nyumbani tuko watatu tu. Nakuandikia kuhusu binti yangu. Ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza.

Tangu shule zifunguliwe mwezi wa saba mtoto huyu amebadilika. Zamani alikuwa anatoka asubuhi na wenzake, wanatembea huku wanapiga stori mpaka getini. Siku hizi hataki kabisa kutembea. Anasema kuna gari aina ya Noah zinazoteka watoto. Shangazi, wewe unaijua Kilimanjaro, Noah ndizo zinazobeba abiria wa Marangu na Rombo, zipo kila kona. Kwa hiyo mtoto anaogopa kutwa nzima. Akiona yenye vioo vya giza anaingia duka lolote lililo karibu, anajibanza nyuma ya mlango mpaka ipite. Imebidi nimtafutie bodaboda wa kumpeleka na kumrudisha, na biashara yangu unaijua, kuna siku nauza blauzi mbili nafunga.

Usiku ndiyo mbaya zaidi. Hazimi taa. Anaamka kuniuliza kama nimefunga komeo. Juzi nilikuwa nakagua madaftari yake, nikakuta nyuma ya daftari la Kiswahili ameandika namba za magari, ukurasa mzima na nusu, moja chini ya nyingine kwa kalamu ya bluu, na baadhi amezipigia mstari mwekundu. Nilipomuuliza akasema zenye mstari ni zile alizoziona zaidi ya mara moja.

Simu anayotumia ni yangu ya zamani, nilimwachia wakati wa likizo ili wasizurure. Nimeichungulia. Ni video fupi za namna moja tupu: mtoto kapotea, mama analia, kamera ya dukani inaonyesha mtu anamvuta mtoto mkono. Nyingine hata si za Kiswahili. Mdogo wake wa miaka tisa yeye haogopi, yeye anaiga. Anatazama zile pranki, anajifunika kanga yangu nyeusi na kujificha migombani, dada yake akienda chooni usiku anamrukia huku rafiki yake wa jirani anarekodi. Wiki hii dada mtu ameanguka akachubuka magoti yote mawili.

Kilichonimaliza nguvu ni cha shuleni. Wasichana wanne walianza kupiga kelele darasani na kulia, mmoja anasema ameona mtu dirishani. Darasa zima likatoka mbio. Binti yangu alikuwa mmoja wa hao wanne. Mwalimu mkuu ametuita wazazi, akasema simu tunazowapa watoto majumbani ndizo zinazowaharibu. Bibi yao wa Kibosho anasema mtoto ana pepo, nimpeleke akaombewe. Baba yao kasema akifika tu ataipasua hiyo simu kwa nyundo mbele yetu wote. Na kwenye grupu la wazazi sauti za kutahadharisha kuhusu watekaji zinaingia kila siku. Mimi huzisikiliza jioni nikipika, naye yuko pembeni, maana mzazi lazima ujue kinachoendelea, na nyingine nawatumia ndugu zangu wa Arusha nao wachunge watoto wao.

Nifanye nini Shangazi? Nimnyang'anye simu? Nimpeleke kwenye maombi? Na je, kama hizo Noah ni za kweli?

Mama wa Pasua, Moshi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na binti yako nampa pole pia, maana hofu yake ni ya kweli hata kama gari analoliogopa limebeba abiria wa Rombo na mizigo yao.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani ndilo analokuuliza yeye kila anapotaka kujua kama komeo limefungwa. Usimwambie kwamba hakuna mtoto anayedhurika. Ana miaka 14, ana masikio, atajua unamdanganya na hatakuuliza tena. Watoto wanadhurika. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, matokeo yakatolewa mwaka 2011. Waliulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ilikuwa karibu 1 kati ya 7. Inauma kuandika namba hizo. Lakini ukiangalia waliotajwa kuwa watendaji unakuta watu wasiofahamika wamo, lakini wamo pia majirani, wapenzi, ndugu, watu wazima wenye mamlaka juu ya mtoto, na sehemu kubwa ya matukio yalitokea ndani ya nyumba ya mtu.

Sasa binti yako ameelekeza macho yote barabarani. Anakariri namba za magari, na simu iko mkononi. Mtu asiyemfahamu anaweza kumwandikia "mrembo, nirushie picha", naye asione hatari yoyote kwa sababu mtu huyo haendeshi Noah. Hili linanisumbua kuliko taa isiyozimwa.

Na lipo jingine ambalo umelitaja kwa haraka ukapita. Kwa sababu ya hofu ya Noah, umemkabidhi binti wa miaka 14 kwa bodaboda, asubuhi na jioni. Unamfahamu huyo kijana? Unajua kwao? Wengi wao ni watu wema wanaotafuta riziki, baba za watu, na sitaki kuwapaka matope. Lakini wewe na mimi tunajua ni mabinti wangapi wa sekondari wameharibikiwa masomo kwa kuanzia na lifti ya bure, halafu chipsi, halafu vocha. Kama ni lazima bodaboda aendelee kwa siku chache, awe mtu wa mtaani kwenu unayejua mama yake, helmeti iwepo, na binti aambiwe waziwazi kwamba akiguswa, akipewa zawadi au akipitishwa njia nyingine anakuambia siku hiyohiyo. Zungumza naye kuhusu hilo kabla hujazungumza kuhusu video.

Umeshangaa kukuta video za aina moja tupu. Wewe ni mfanyabiashara wa mitumba, utanielewa upesi. Mteja akisimama kwenye kibanda chako akalishika gauni la maua, hata asiponunua utamtolea mengine matatu ya maua. TikTok na YouTube zinafanya vivyo hivyo, ila zenyewe hazimtazami mteja usoni. Zinahesabu muda. Mtoto aliyeganda kwa woga mbele ya mama anayelia, na mtoto aliyeganda kwa furaha mbele ya goli la Simba au Yanga, kwa mashine ni sawa: amekaa, mletee nyingine. Akiirudia video ili akariri sura ya mtekaji, ndiyo kabisa anaagiza zaidi. Hakuna mtu aliyekaa mahali akapanga kumtisha binti yako. Ametishwa na hesabu ya sekunde alizokaa akitetemeka.

Halafu angalia akaunti. Simu ilikuwa yako, kwa hiyo huenda na akaunti ni yako, na mtandao unaamini unahudumia mama mtu mzima. TikTok inataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13, na tangu mwaka 2023 imewawekea walio chini ya miaka 18 kikomo cha dakika 60 kwa siku, wakifika hapo ni mpaka waingize namba ya siri ndipo waendelee. Kikomo hicho hakimgusi mtoto anayetembelea umri wa mama yake. Kaeni pamoja mchana, si usiku, mfungue akaunti yenye umri wake wa kweli muiunganishe na yako, maana hilo linawezekana. Video ya kutisha ikitokea, aibonyeze kwa muda kidogo achague kwamba haimpendezi. Kwenye YouTube mfute historia ya alizotazama, mzime pia ile sehemu inayoleta video inayofuata yenyewe. Afanye kwa kidole chake, wewe ukae tu pembeni. Nataka aone kwa macho yake video zikibadilika siku baada ya siku, ili ajue kwamba hata zile za watekaji zililetwa kwa njia hiyohiyo. Hilo litamtuliza kuliko wewe kumwambia "acha woga" mara mia.

Jambo hili si geni kwa wasomi. Profesa George Gerbner wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kufuatilia vipindi vya televisheni na watazamaji wake. Aliona kwamba wanaotazama kwa saa nyingi huamini dunia ni ya hatari kuliko ilivyo, na huwaamini wenzao kwa shida. Huyo alikuwa anazungumzia televisheni ya sebuleni, ambayo kipindi kikiisha watu wanakwenda kulala. Binti yako anatazama ndani ya shuka na kipindi hakiishi. Kwa hiyo saa mbili usiku simu zote zilale chumbani kwako kwenye chaji, ikiwemo ya kwako.

Sasa nije kwako, na uniwie radhi, nitasema kama shangazi. Umeandika kwamba jioni unasikiliza sauti za tahadhari ukipika naye akiwa pembeni. Mimi ningeanzia hapo, kabla hata sijagusa simu yake. Video ya mtu asiyezungumza Kiswahili ni video tu. Lakini sauti ya mwanamke anayelia kwa lafudhi ya kwetu, ikitoka kwenye simu ya mama, na mama akaacha kukoroga sufuria akasema "Mungu wangu", hiyo kwa mtoto imekwisha kuthibitishwa. Hukumwambia neno. Ameona ulivyoshtuka, na ameona umeituma Arusha.

Chukua moja ya sauti hizo uisikilize upya ukiwa peke yako. Anayeongea anataja jina lake? Ni kata gani, siku gani, taarifa ilipokelewa kituo gani cha polisi? Nyingi za namna hiyo husema "hapa mjini kwetu", "jana", "shule moja", kisha "sambaza kwa kila mzazi". Maneno hayo yanafaa Moshi, yanafaa Mbeya, yanafaa hata Mombasa. Halafu tazama juu ya ujumbe wenyewe. WhatsApp huweka mishale miwili kwenye ujumbe uliopita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo huwezi kuurusha zaidi ya sehemu moja kwa wakati, kwa sababu wenye mtandao wenyewe walitaka kupunguza kasi yake. Ukiona mishale miwili, elewa kwamba aliyekutumia hajui ulikotoka.

Usidhani ni sisi tu. Februari 2019 wazazi wa Uingereza na Marekani walipatwa na taharuki kama yenu. Ilikuwa picha ya sura ya mwanamke, macho yametoka, mdomo mpana wa kutisha, akiitwa Momo. Ikasemwa kwamba anajitokeza katikati ya video za watoto na kuwaamuru wajidhuru. Shule zikawaandikia wazazi, baadhi ya polisi wakatoa tahadhari, vyombo vya habari vikaibeba. YouTube ikasema haikuona ushahidi wa video hizo kwenye mtandao wake, na mashirika ya Uingereza yanayohudumia watoto yakasema hayana uthibitisho wa mtoto aliyedhurika kwa hilo. Na ile sura? Ilikuwa sanamu iliyotengenezwa na msanii wa Japani, Keisuke Aiso, ikaonyeshwa Tokyo mwaka 2016. Ilioza, na mwaka 2018 akaitupa. Watoto walikuwa wanalia usiku kwa kuogopa kitu kilichokwisha kutupwa takataka, na wengi sura ile iliwafikia kupitia tahadhari za watu wazima waliowapenda.

Kwa hiyo andika kwenye grupu lenu, kwa adabu, hata leo: "Ndugu wazazi, naomba kila tahadhari iwe na mahali, tarehe na jina la aliyethibitisha. Isiyokuwa navyo tusiirushe, watoto wetu wanasikiliza." Atakayenuna atanuna. Mkumbushe msimamizi wa grupu kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa usambazaji wa taarifa za uongo. Ikija sauti inayotaja Moshi, mpigie mwenyekiti wa mtaa au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi ukaulize. Likiwa la kweli utaambiwa uchukue tahadhari gani, na utakuwa na la maana la kumwambia binti yako.

Mwalimu mkuu amelaumu simu. Ana haki kwa sehemu. Lakini tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa na wiki chache tu za uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, kule Bukoba, walianza kucheka bila kujizuia. Kicheko kikachanganyika na kilio, woga na kukimbia ovyo, kikawaingia wengine mpaka wakafika 95 kati ya wanafunzi 159. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, wasichana wakarudi makwao, na hali ikatokea vijijini pia. Madaktari walipima, hawakukuta sumu wala vijidudu. Hapakuwa na simu janja, na televisheni Tanzania Bara imekuja mwaka 1994. Wasichana wale hawakuigiza. Hofu na mkazo vinaambukizana, hasa kwa watoto wanaokaa pamoja huku wamebeba kitu kizito wasichokisema.

Kwa hiyo muulize binti yako amebeba nini. Kidato cha kwanza ni kigumu jamani. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili, ghafla Baiolojia na Jiografia zote ni kwa Kiingereza, anakaa darasani haelewi na anaona aibu kuuliza. Huenda anapigwa. Huenda kuna mvulana, au mtu mzima, anayemsumbua njiani, na kusema "naogopa Noah" ni rahisi kuliko kusema jina la mtu. Usimhoji kama askari. Mwombe akusaidie kupanga mzigo wa nguo Jumamosi, mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka. Na wale wasichana watatu wengine, ongea na mama zao. Msiwaite "wale wa mapepo", wala shule isiwapange mstarini mbele ya wenzao.

Kuhusu nyundo ya baba, mpigie leo akiwa bado njiani, hasira zipoe kabla hajafika Morogoro. Akiipasua simu mbele ya watoto, binti atajifunza kwamba ukikiri kuogopa unaadhibiwa. Siku mtu akimtishia kusambaza picha yake atakaa kimya, alipe, atii. Watoto wengi hawasemi yanayowapata mtandaoni kwa sababu hiyohiyo tu, watanyang'anywa simu. Mpe baba kazi inayomfaa. Yeye ni mtu wa barabara, anafahamiana na madereva. Amchukue binti yake mpaka stendi wakae hata saa nzima, wazitazame Noah zinavyojazwa abiria wa Marangu, kondakta anavyogombana na mama mwenye ndoo ya parachichi, magunia yanavyobanwa nyuma. Avione vioo vya giza kutoka ndani. Amsalimie dereva. Mtoto anayeogopa gari anahitaji kulizoea akiwa na mtu anayemwamini, na kwa hili baba anakushinda wewe.

Lile daftari usilitupe wala usimcheke. Mwambie aendelee kuandika, lakini pembeni ya kila namba aongeze gari hilo lilifanya nini alipoliona: lilishusha abiria, lilibeba mbolea, lilisimama kununua ndizi, lilipita tu. Zile za mstari mwekundu, alizoziona tena na tena, ataona kwamba anaziona kwa sababu zina ruti, zinapita barabara ileile kila siku kama daladala yoyote. Huku akiandika, muanze kutembea. Siku za kwanza nendeni wote wawili mpaka shuleni kabla hujafungua kibanda. Kisha umsindikize mpaka mahali wenzake wanapokutana, na wao waendelee. Kisha umwachie mlangoni. Akirudi nyuma siku moja msirudi mwanzo, rudini hatua hiyo moja. Na awe na maduka mawili matatu njiani ambayo wenyewe mmewaomba, si duka lolote la yeyote, ili akiogopa kweli ajue pa kuingia.

Huyu mdogo naye. Mwaka 1961 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaonyesha watoto mtu mzima akilipiga lidoli kubwa la kujaza hewa. Walipoachwa nalo, walilipiga vilevile, na maneno yaleyale. Katika jaribio lililoandikwa mwaka 1965, waliomwona mpigaji akiadhibiwa waliiga kwa uchache kuliko wenzao. Sasa kwenye pranki nani anaadhibiwa? Mtu anatishwa, anaanguka, watazamaji wanacheka, video inaisha kabla goti halijafungwa bandeji. Mwanao aione sehemu inayokatwa: aoshe vidonda vya dada yake kwa maji ya chumvi, amwombe radhi, video ifutwe kwa rafiki yake pia, na kuanzia leo yeye ndiye wa kumsindikiza dada chooni na tochi.

Maombi hayana ubaya. Mwende Kibosho, bibi amwombee mjukuu wake, mle, mlale. Lakini ongea na bibi kwanza, kwa heshima, binti asiwekwe mbele ya watu akaambiwa ana pepo. Noah anaweza kuikimbia dukani. Pepo aliyeambiwa yuko ndani yake atamkimbia vipi saa nane za usiku?

Ukiyafanya haya kwa wiki tatu au nne, na bado halali, hataki kula, au amegoma shule kabisa, mpeleke hospitali ya Mawenzi au KCMC uulizie huduma ya afya ya akili. Hofu inatibika, na kwenda mapema si aibu. Akisema hata mara moja kwamba anatamani kufa, usisubiri wiki, mpeleke siku hiyohiyo. Na ipo namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, kupiga ni bure, unaweza kupiga wewe na anaweza kupiga yeye mwenyewe bila kukuomba ruhusa. Mfundishe aikariri.

Shangazi